Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha wachezaji wakongwe, Lubumbashi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama mnaotupikia siku za mechi,

Mazoezi ya Jumamosi yaliendelea, mechi za kirafiki tulicheza, wenzetu wawili tuliwazika, vijana tuliwapa mipira. Haya mnayajua.

Nije kwenye ukuta tuliouchora picha. Kuna waliosema pembeni, si kikaoni, kwamba mwenyekiti amemrudisha Mobutu kwa kuchora timu ya taifa ya Kombe la Dunia la 1974 yenye jezi ya kijani, kichwa cha chui kifuani na neno «Zaire», jina alilolipa nchi yetu enzi zake. Uamuzi ulikuwa wangu na siukimbii. Mobutu aliitumia timu ile kujijenga, nani asiyejua? Lakini mji huu huu ulikuwa umejitenga na nchi tangu 1960 hadi Januari 1963. Miaka 11 baadaye, Kazadi golini na Mwepu Ilunga beki, wote wa Mazembe, klabu ya hapa hapa mjini, wamesimama mstari mmoja na wa Kinshasa kule Ujerumani, na Lubumbashi nzima inawaita «yetu». Hilo halikuwa jambo dogo.

Na tukianza kufuta kila jina lililoletwa na mtawala, tutaishia wapi? Mazembe ilianzishwa 1939 na watawa Wabenedikto, ikaitwa Saint-Georges. Kisha ikabeba jina la Englebert, matairi ya Wabelgiji, na kwa jina hilo la tairi ikatwaa ubingwa wa Afrika 1967 na 1968. Mbona makombe hayo hakuna anayeyakataa? (Wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini, najua mnacheka.)

Chui wa kwanza alitoka kama paka wa jikoni. Nilimsimamia fundi mwenyewe siku mbili, jua la mchana, mpaka meno yakaonekana. Rangi na fundi ni franka 310,000, na 40,000 kati ya hizo zilitoka mfukoni mwangu. Sijazidai.

Michango, viingilio na rambirambi, vyote pamoja, ni franka 912,000. Zimetumika karibu zote. Daftari liko kwa mweka hazina, na mpaka leo hakuna aliyekuja kulifungua. Tuko wanachama 64, waliolipa mwaka mzima ni 23. Mkutano wa Septemba tulifika 11, na wawili kati yetu walikuja kuazima mpira. Wale wachezaji wa 1974 hawakulipwa posho zao, wakaingia uwanjani na Yugoslavia wakiwa na kinyongo, wakafungwa 9-0. Tunapenda sana kuwalaani wakubwa waliozila. Sasa mwenye deni la miezi tisa hapa naye tumwiteje?

Mwakani, Mungu akitujalia, tutatafuta nyavu mpya, labda na safari ya Likasi. Mweka hazina atakuwa uwanjani Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya mazoezi, na daftari lake.

Mwenyekiti