Waambieni wazazi ukweli wa kusoma Kijapani kabla hawajauza kiwanja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma sana. Kuna mawakala huko nyumbani wanawaambia wazazi kwamba mtoto alipiwe tu ada ya miezi sita ya shule ya Kijapani, akifika Tokyo atapata kazi, inayobaki atajilipia mwenyewe na nyumbani atatuma. Mimi nipo huku nasoma shule ya lugha na nawaambia hesabu hiyo haikai.

Mwenye visa ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi masaa 28 kwa wiki, tena mpaka aombe kibali, na hayo 28 ni ya kazi zote kwa jumla, sio kila kazi na 28 zake. Likizo ndefu ya shule ndio unaruhusiwa hadi masaa 8 kwa siku. Sasa piga hesabu, ukilipwa yeni 1,250 kwa saa basi mwezi mzima unaambulia kama laki na arobaini mpaka laki na hamsini hivi, humo humo utoe kodi ya chumba, bima ya afya, umeme, treni, simu na chakula, halafu ada ya shule nyingi za Tokyo ni kama yeni laki saba mpaka tisa kwa mwaka. Itatoka wapi? Wapo wanaoamua kuzidisha masaa kimya kimya, siku ya kuongeza visa wanakataliwa, kiwanja kimeshaenda na mtoto anarudi hana cheti.

Na hiyo kazi bila lugha ni ngumu kuipata. Kusimama kaunta ya duka unatakiwa umuongeleshe mteja kwa Kijapani cha heshima, ambacho hata sisi tuliopo darasani kinatutoa jasho, kwa hiyo wanaoanza wanaishia kuosha vyombo au kupanga bento (chakula cha kwenye boksi) kiwandani usiku kucha, halafu saa tatu asubuhi kipindi kimeanza. Nimewaona wenzangu, Wanepali, Wavietnam, na sisi Waafrika wachache tuliopo, mtu kalala juu ya daftari mwalimu anamgusa bega. Mahudhurio yakishuka nayo yanaharibu visa!

Sisemi vijana wasije. Sisi Waswahili matamshi ya Kijapani hayatusumbui, irabu ni zile zile a, e, i, o, u na silabi karibu zote zinaishia na irabu, walimu wanashangaa tunavyosoma kwa sauti. Kinachotuchosha ni kanji, yaani herufi zenye asili ya China, zile za matumizi ya kawaida tu ni 2,136, na Mchina anakuja anazijua nyingi tayari wakati wewe unaanza sifuri. Ndio maana nasema hiragana na katakana, zile herufi za silabi, kijana azimalize akiwa bado Mwanza au Tanga, ni herufi 46 kila moja na simu inatosha, na afike angalau kiwango cha N5, kile cha chini kabisa kwenye mtihani wa Kijapani wa JLPT. Huku pia mitaa mingi ina madarasa ya kujitolea, unakuta mzee mstaafu anakaa na wewe kukufundisha kwa bei ndogo au bure kabisa. Mimi mmoja wao ndiye alinielekeza kutenganisha takataka, ya kuungua siku yake, plastiki siku yake, maana ukichanganya mfuko unaachwa hapo hapo na stika juu.

Na kabla ya wakala, watu wajaribu skolashipu ya serikali ya Japani, ile ya MEXT (wizara yao ya elimu), inayopitia ubalozini pale Dar. Inalipa ada, tiketi ya ndege na hela ya kujikimu kila mwezi, na kuna ngazi kadhaa. Nakuomba mhariri, tangazo lake likitoka lipeni ukurasa wa mbele, maana wengi wanalisikia dirisha likiwa limeshafungwa.

Msomaji wenu,
Tokyo, Japani