Barua kwa Bakari: tairi zile usiende nazo Elvington

Leeds, Jumapili usiku

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Huku wazima, mama watoto anakusalimu, na wanao wamerefuka mpaka nguo za Idi haziwaingii tena. Salamu nyingine niwie radhi nizikate hapa, maana kuna jambo nimekaa nalo tangu Ijumaa na halinipi usingizi. Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, naona, kisha kimya. Basi nimeona nikuandikie, labda karatasi utaiheshimu.

Kwanza la Idi. Niliposema gari lako ni la kupigia picha, nilikosea. Nilikosea kulisema, na nilikosea zaidi kulisema mbele ya shemeji na watoto wako. Nilikuwa na hasira za kazini nikazimwagia kwako, na wewe ndiye uliyenifundisha kushika spana kwa Mzee Salim pale Kwahani, mimi sijui hata plagi inafunguliwa upande gani. Nisamehe. Sisemi hivi ili unisikilize haya yanayofuata. Hata ukiichana barua hapa, msamaha nimeuomba.

Sasa sikiliza. Juma kaniletea picha za Subaru yako. Usimgombeze, alitaka tu kunionesha rangi, na rangi wallahi imekaa. Turbo mpya nimeiona, intakula, kile kipoza hewa ya turbo, umeihamishia mbele, jambo nililokuwa nikikuomba siku zote, kwa sababu ile ya asili inakaa juu ya injini kama chungu juu ya jiko. Juma anasema daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya injini, imekupa farasi 400 na unataka kutoka Elvington, kule kwenye uwanja wa ndege tunakokimbizia magari, na maili 160 kwa saa. Nikafurahi. Kisha nikaikuza ile picha ya gurudumu la nyuma mpaka maandishi ya ubavuni yakasomeka.

235/45 R17 97V. Pembeni yake kile kichapa cha mlima wenye chembe ya theluji. Na chini, kwenye kile kiduara, 3114.

Bakari, hizo ni tairi za msimu wa baridi. Zimetoka kiwandani wiki ya 31 ya mwaka 2014. Zina umri kumshinda Aisha! Na hiyo V unajua maana yake, umewaeleza wateja mara ngapi: kilomita 240 kwa saa, maili 149, basi. Zaidi ya hapo aliyeitengeneza hakuahidi kitu. Wewe unataka 160.

Najua utasema kashata, ile michoro ya juu ya tairi, bado nzima. Ndiyo, nimeziona, nzuri kabisa. Lakini kashata ni ya barabarani na mvua. Kwenye kasi ile kinachoua tairi ni joto, na joto linatoka ndani, mpira unavyojikunja na kujikunjua kila unapogusa lami. Nimepiga hesabu kwa saizi yako: ukiwa 160, kila tairi inazunguka kama mara 35 kwa sekunde moja. Mara 35, kila mara inabonyea chini na kurudi. Mpira wa baridi ni laini, umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu, kwa hiyo unapata moto haraka. Ukiongeza umri wake, gundi iliyoshika mpira na nyuzi imeshachoka. Tairi inavimba kwa kuvutwa nje na mzunguko wake yenyewe, kisha inaanza kujibandua. Huioni. Huisikii mpaka imeshaondoka.

Chukua kile kipande cha risasi cha kubalansi, cha gramu 10, kile tunachobandika ndani ya rimu kwa gundi. Kwenye 160 kinavuta kuelekea nje kama kitu cha kilo 10. Gramu kumi, kilo kumi! Ndiyo maana nakwambia usafishe rimu kwa spiriti kabla ya kubandika, kisha uvipitishie utepe wa alumini juu. Na zile valvu za mpira toa, weka za chuma zenye nati, na vifuniko vyake vya chuma, kwa sababu ile ya mpira inapinda nje na upepo unatoka.

Lakini hayo madogo. Nirudi.

Unaikumbuka ile siku ya mwaka juzi niliyoacha mbio katikati nikakwambia klachi imeniletea matatizo? Haikuwa klachi. Sikumwambia mtu, maana mama watoto angesikia. Raundi ya pili nilifika 138, usukani ukaanza kutetemeka, kidogo tu, vile simu inavyotetemeka mfukoni. Nikaachia mafuta taratibu, sikugusa breki, nikarudi kwa njia ya pembeni. Pale tulipoegesha nilipiga magoti nikapitisha kiganja ndani ya tairi ya mbele kushoto, ule upande unaotazama injini, ambao ukisimama huuoni. Mpira ulikuwa wa moto hata mkono haukai. Karibu na bega kidole kikakutana na kivimbe, kama kokwa ya tende chini ya ngozi. Nilikibonyeza kikabonyea. Nyuzi zilikuwa zimekatika ndani, nadhani kwa lile shimo la barabarani nililoingia wiki 3 kabla. Na kwa nje tairi ilikuwa ya kumpeleka bibi arusi. Nilikaa chini pale kwenye lami, nikashindwa kusimama kwa muda.

Na ile ilikuwa Y, herufi ya kasi kubwa kuliko V yako, ya mwaka mmoja tu. Yako je?

Unakumbuka yule wa televisheni, Richard Hammond, alivyopinduka uwanja huohuo Septemba 2006? Gari lake lilikuwa la injini ya jeti, kwa Subaru zetu halifanani hata kidogo, alikuwa kwenye maili 288. Lakini kilichomwangusha haikuwa ile injini ambayo kila mtu angeiogopa. Ilikuwa tairi ya mbele kulia.

Kuhusu nguvu, nakuomba usiongeze tena boosti, ule msukumo wa hewa ya turbo. Juma anasema unataka kurudi daino ukatafute 450. Kwa nini? Kutoka 140 kwenda 160 upepo unakudai karibu nusu ya nguvu tena juu ya ile uliyokuwa nayo, ndiyo, lakini unaweza kuupunguzia upepo deni badala ya kumlipa yote kwa injini. Ziba nyufa za bampa ya mbele kwa utepe, acha tu tundu la rejeta na intakula. Lile bati la chini ya injini ulilolitoa kwa ajili ya kumwaga oili, lirudishe na nati zake zote. Boneti ifunge kwa pini mbili za ziada, usiiamini kufuli ya miaka ishirini. Shusha gari kidogo, si kama lile la Juma linalolamba lami, kwa sababu kwenye kasi springi zinabonyea na tairi itakula madigadi. Weka mikono yako ndani ya madigadi usikie kama kuna ncha ya skrubu. Bawa la nyuma liache palepale. Najua Juma amekwambia ulitoe upate maili 3 au 4. Nyuma ikiwa nyepesi kwenye 160, hizo maili 4 zitakusaidia nini?

Na daino isikudanganye. Kule injini inavutwa sekunde 10, kisha feni kubwa na kikombe cha chai. Uwanjani utakanyaga mafuta mpaka chini zaidi ya nusu dakika bila kuachia. Oili inapanda moto, hewa inayoingia inapanda moto, pampu ya petroli inaombwa kitu ambacho haijawahi kuombwa. Mwambie fundi wako wa kompyuta apunguze moto wa plagi kidogo injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, na aache mchanganyiko uwe na petroli nyingi kidogo. Utapoteza farasi 15, utabaki na pistoni 4. Na ule mrija unaonyonya oili kutoka kwenye karta, lile bakuli la oili chini ya injini, ule wa asili ambao hupasuka kwenye kiungo, umeubadilisha? Ukipasuka unavuta hewa, beringi zinakufa kabla taa haijawaka.

Breki sijui nizisemeje kwa ufupi. Uwanja ule Wamarekani waliurefusha miaka ya 1950 kwa ajili ya ndege zao kubwa, una zaidi kidogo ya kilomita 3, kwa hiyo ukikimbia maili moja bado una nafasi nzuri ya kusimama. Lakini usiitumie nafasi hiyo vibaya. Kusimama kutoka 160 ni kazi mara 5 ya kusimama kutoka 70 ya motawei. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka 2 yameshakunywa maji, yanachemka mapema, na pedali inazama mpaka sakafuni. Mwaga yote, weka DOT 5.1 mpya ya kopo ambalo halijafunguliwa. Ukivuka mstari achia mafuta kwanza, upepo wenyewe utakukamata, ndipo ukanyage breki kwa upole.

Wakaguzi watakutazamia kofia, mikanda, betri, mvujo. Wanafanya kazi yao vizuri, lakini wana magari mengi na asubuhi moja. Mkaguzi hawezi kuipapasa tairi yako kwa ndani. Hiyo ni kazi yako. Au yangu, kama utaniruhusu.

Ndiyo maana nakuandikia, kusema kweli. Nina seti ya Y kule bandani, saizi yako hasa, nilizinunua kabla sijabadilisha rimu za 18. Zimetembea msimu mmoja, hazijawahi kuingia shimo, nimezipapasa moja moja nje na ndani leo asubuhi, na nimezitazama kwa tochi. Nakuletea. Sitaki pesa, wala usianze habari za kulipana. Nataka tuzifunge pamoja, tuzibalansi pamoja, tuzijaze upepo wa kasi kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, si ule wa barabarani, na nati tuzikaze kwa spana ya kipimo, kisha tuzikaze tena baada ya raundi ya kwanza. Nataka niwe pale nikuguse bega kabla hujafunga kofia. Mzee Salim alikuwa akisema nini tukimrudishia gari la mteja? "Nenda, lakini mkono wangu umepita." Mimi nataka mkono wangu uwe umepita.

Usichukulie kwamba sina imani na wewe. Mikono yako ni bora kuliko yangu, tangu zamani. Lakini mtu akiwa na hamu hatazami chini, anatazama saa ya turbo. Mimi nilikuwa hivyo. Na kusema kweli, kile kivimbe bado nakiota.

Mengine: yule binamu wa Zuhura amepata kazi ya malori, anaondoka Northampton mwezi ujao. Mama yako nilizungumza naye Jumatano, anasema mguu umepungua maumivu, ila dawa anazisahau. Hakuniuliza habari zetu, nadhani anajua. Alinyamaza kidogo, akasema tu, "Nyinyi wawili." Nikashindwa kujibu.

Sasa nijibu haya, hata kwa mstari mmoja. Raundi zenu zinaanza saa ngapi Jumamosi ile, na ni maili moja au moja na robo? Rimu zako ni zilezile za dhahabu au umebadilisha, maana nisije nikaleta nati zisizokaa? Bawa umelitoa au bado? Mafuta ya breki ulibadilisha lini mara ya mwisho, ukumbuke kweli, usinikisie? Kofia unayo ya kwako au utaazima tena ile ya Juma inayokulegea? Shemeji anajua kuwa unakwenda? Aisha anakuja kutazama? Na mimi je, nikija Alhamisi baada ya alasiri na tairi kwenye buti, mlango utafunguliwa?

Alhamisi nimeomba ruhusa kazini tayari. Usipojibu nitakuja hivyohivyo.

Ndugu yako,
Khamis

Baadaye: nilisahau. Usizitupe zile za baridi kabla sijafika. Nataka tuikate moja kwa msumeno, tuione ndani pamoja.