Barua kwa mwanangu aliye Dodoma

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote tu wazima, alhamdulillahi, na wadogo zako wanakusalimu. Uliponipigia simu juzi ulisema neno ambalo limeninyima usingizi: kwamba huko Dodoma watu hawajuani, na kwamba utaanza kuwatendea watu wema mshahara wako utakapoongezeka, kwa kuwa sasa huna cha kumpa mtu. Simu haikunitosha kukujibu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, mvua za Elnino zikiwa bado zinanyesha, marehemu baba yako alilazwa Bombo kwa siku 11, nami nikawa ninashinda kando ya kitanda chake nawe ukiwa mgongoni, hujatimiza mwaka. Katika kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa Pangani aliyekuwa akimuuguza mwanawe. Asubuhi ya tatu alinitazama, wala hakuniuliza kama nimekula, kwa maana angeuliza ningejibu kwamba nimekula. Alichukua kikombe changu, akakijaza uji kutoka kwenye chupa yake, akasema, "Mwenzangu, leo nimeupika mwingi, nisaidie usije ukachacha." Nikaunywa kwa amani kabisa, kama kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimtendea hisani. Siku ya tano nilimwona akiisuuza ile chupa kwa maji kidogo kisha akayanywa yale maji, alipodhani hakuna anayemtazama, ndipo nikafahamu kwamba uji ule haukuwa mwingi hata siku moja.

Nimekaribishwa katika karamu nyingi tangu wakati huo, na sikumbuki hata moja kama ninavyoukumbuka uji ule, ambao haukuwa na sukari ya kutosha. Yule mama aliniondolea njaa, lakini kwanza aliniondolea aibu ya kuomba, na hilo la kwanza ndilo ninalotaka ulishike. Halihitaji mshahara. Linahitaji macho, na ulimi unaojua kusema "nisaidie" pale ambapo wengine wangesema "chukua."

Baba yako alilijua jambo hili bila kufundishwa. Unaikumbuka pampu ya baiskeli iliyoning'inia msumarini pale barazani? Mji wetu ni mji wa baiskeli, na kila siku kulikuwa na mtu aliyeishiwa upepo katika barabara hizi zetu za namba. Mimi nilitaka pampu iwekwe ndani isiibiwe, yeye akakataa, akasema mtu mwenye haraka asilazimike kubisha hodi na kueleza shida yake kwa ajili ya upepo. Iliibiwa mara mbili. Mara zote mbili alinunua nyingine na kuitundika palepale, na hata leo ipo.

Mimi nilikosea, na ni haki yako kulijua kosa hilo. Wewe ulipokuwa darasa la nne, mtoto wa jirani yetu alikuwa akienda shule na sare iliyochanika. Nilinunua sare mpya, nikampelekea mama yake alasiri, wanawake wakiwa wamejaa barazani wakisukana, nikaitoa hapo mbele yao. Alinishukuru vizuri sana. Tangu siku hiyo akawa anapita uchochoro wa nyuma ili asikutane nami, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba nilimvisha mtoto nikamvua mama. Sare ile ningeweza kumpa mtoto mwenyewe jioni, ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa unga, nisiseme neno.

Kuhusu kukosa cha kutoa, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia sahaba wake Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Hakumwambia azidishe nyama. Huku kwetu umeona tangu utotoni jinsi sahani za futari zinavyovuka njia magharibi inapokaribia, na jinsi sahani ya mwenzio isivyorudishwa tupu, hata kama ni ndimu mbili tu zilizowekwa juu yake.

Basi anza na yule mlinzi wa getini ambaye umeniambia hujui jina lake. Muulize jina, kisha mwamkie kwa jina hilo. Baridi na upepo wa huko mwezi wa Juni na Julai nimevisikia kwa waliorudi, na mtu anayekesha nje anahitaji chai. Nawe mpelekee katika kikombe kilekile unachonywea wewe, usimtafutie kile kilichomeguka mdomo.

Kwa basi la kesho nakutumia visheti katika makopo mawili. Kopo lenye kifuniko chekundu ni lako. La pili mpelekee yule dada wa chumba cha mkabala ambaye hujawahi kuzungumza naye, umwambie kwamba mama yako amepika vingi mno, na kwamba unamwomba akusaidie kuvimaliza.

Mimi mama yako