Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: kuni tunazochoma zimebeba metali gani?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtengenezaji wa mkaa mbadala hapa Keko, Dar es Salaam, na malighafi yangu ni maranda na vipande vya mbao vinavyotupwa na mafundi seremala. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, umewaingiza wengi katika kazi za tanuri na majiko ya gesi ya kuni, yaani yanayogeuza kuni kuwa gesi na kuichoma. Ombi langu ni kwamba mbao zichambuliwe kwa metali zilizomo kabla hazijatiwa moto.

Mti hufyonza potasiamu, kalsiamu na magnesiamu kutoka ardhini. Kiasi chake ni kidogo, kwani shina lililobanduliwa gome mara nyingi huacha majivu yasiyofika asilimia 1, ingawa gome lenyewe huacha mara kadhaa ya hayo. Hata hivyo, kuni inapookwa bila hewa, potasiamu hiyo chache huifanya selulosi, yaani nyuzi zinazounda mbao, ivunjike katika joto la chini zaidi, ikaongeza mkaa, maji na gesi, na kupunguza mafuta yanayoweza kukusanywa kutoka kwenye moshi. Kwangu mimi hiyo ni heri. Kwa anayetafuta mafuta ni hasara, hata kama tumenunua gunia kwa fundi yule yule. (Bibi zetu waliochuja maji kwenye majivu wakapata magadi ya kulainishia maharage waliijua potasiamu vizuri, ila hawakuiita hivyo.)

Katika jiko la gesi ya kuni, potasiamu na kalsiamu huharakisha mkaa kugeuka gesi, na hilo ni jema mpaka zikutane na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Mwaka jana nilinunua jiko kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba linakula chochote, nikalilisha makumbi ya nazi yaliyochanganywa na pumba za mpunga. Makumbi yana potasiamu nyingi. Pumba zinaweza kuacha majivu ya asilimia 20, karibu yote silika. Siku ya tatu moto ulikaba. Nilipolipindua jiko nilikuta donge la kijivu, gumu na lenye kung'aa kama chupa, limeziba matundu ya wavu, nikalibandua kwa patasi na nyundo. Potasiamu na silika zilikuwa zimeungana na kuyeyuka. Makumbi yaliyonyeshewa masika yote nje ya banda hayakunisumbua kiasi hicho, kwa kuwa maji ya mvua huondoa sehemu kubwa ya potasiamu. Kalsiamu haiondoki kirahisi hivyo, huhitaji asidi.

Hizo ni metali za mti wenyewe. Zinazonitia hofu ni zile tunazozitia sisi.

Nikipasua baadhi ya vipande vya mbao za kupaulia au vya nguzo kuukuu, nakuta ukingo wa kijani ulioingia milimita chache, na katikati mbao nyeupe. Hiyo ni dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na aina inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Mbao hiyo ikiingia tanurini, sehemu ya aseniki huondoka na moshi hata katika joto la kawaida la kuchomea mkaa, wakati shaba na kromiamu hubaki kwa wingi katika mkaa na majivu. Mkaa huo husagwa, hukandwa kwa uji wa muhogo na kuuzwa kwa mama wa nyumbani, ambaye majivu yake huyamwaga kwenye tuta la mchicha. Jicho langu halitoshi kuzuia hilo, maana mbao iliyokaa juani miaka mingi hupoteza ukijani wake.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, wizara yako ishirikiane na TBS, shirika la viwango, na NEMC, wasimamizi wa mazingira, ili kila mbao iliyotiwa dawa ipigwe muhuri usiofutika kiwandani, mbao hizo zipigwe marufuku katika mkaa mbadala na majiko ya gesi ya kuni, na wazalishaji wadogo tupate mahali pa kupimisha majivu kwa bei tunayoimudu. Muuzaji wa jiko naye alazimike kuandika ubavuni mwake ni kuni za aina gani linazikubali. Donge langu bado ninalo, na niko tayari kulileta ofisini kwako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtengenezaji wa mkaa mbadala, Keko