Mgeni akitaka zawadi ya Dodoma, nimpeleke wapi?

Mhariri,

Naendesha bajaji hapa jijini, huu mwaka wa saba. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, abiria wangu wamebadilika. Zamani nilibeba watu wenye bahasha za wizarani. Siku hizi wapo wanaokuja kutembea tu, wanashuka asubuhi na jioni wanageuza.

Jumamosi iliyopita nilimpata mama mmoja wa Dar es Salaam na binti yake. "Baba, tuzungushe," akasema, "halafu utupeleke tukanunue zawadi, ila iwe ya Dodoma hasa."

Kuzunguka hakukunipa shida. Tuliona Msikiti wa Gaddafi, wakapiga picha Uwanja wa Nyerere, Mlima wa Simba tukautazamia chini kwa sababu ya viatu vya mama, tukaishia kwenye nyama choma ya mnada wa Msalato. Binti alitaka pia michoro ya miambani ya Kolo, ile UNESCO iliyoiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ikabidi nimweleze kuwa Kolo iko mbele ya Kondoa, bajaji haifiki na treni ya jioni haitatusubiri.

Balaa lilianzia kwenye zawadi. Duka nililowapeleka lilikuwa na vinyago vya mpingo na kofia zilizoandikwa "Zanzibar". Mama akaigeuza kofia moja, akanitazama. "Zanzibar nilikuwa mwezi uliopita, baba." Niliona aibu kama vile nimeishona mimi.

Tukakimbilia soko la Majengo. Hapo angalau alipata ubuyu, karanga na mlenda mkavu uliofungwa kwenye kipande cha gazeti (si lako, nilichungulia). Zabibu alinunua kindoo kizima njiani, zimepigwa jua na nyuki wamezizingira. Tulipofika stesheni, zabibu za chini zilikuwa zimeshapondeka, maji yanachuruzika kwenye gauni la binti.

Mimi ni Mgogo wa Mvumi. Marehemu Hukwe Zawose alizunguka dunia na zeze na marimba zetu, lakini mgeni akiniuliza zeze hapa mjini sina duka la kumpeleka. Mjomba wangu anatengeneza, kibuyu anakikausha mwenyewe hadi kikigongwa kinalia kama ngoma, kisha anazitundika ukutani. Mnunuzi wake ni yule anayeijua njia ya kwake.

Ombi langu kwa jiji si jengo. Majengo tunayo. Soko Kuu la Job Ndugai liko pale pale jirani na stendi ya mabasi ya Nanenane, wasafiri wanalipita na mabegi mgongoni. Itengwe kona moja humo, na kibanda kimoja stesheni ya treni, kwa ajili ya vitu vya hapa tu: mvinyo wa zabibu zetu, zabibu kavu, asali, ubuyu, zeze. Zabibu mbichi ziwekwe kwenye vikasha vinavyofunga. Na kofia za Zanzibar zibaki Zanzibar, huko zinapendeza.

Yule mama alinipigia juzi. Mlenda umemwishia, majirani wameugombania, anataka kilo mbili nimpe mtu anayepanda treni. Mlenda nimeshanunua. Nahangaikia cha kuufungia, maana gazeti halitafika.

Dereva wa bajaji,
Chang'ombe, Dodoma