YAH: Rimu zangu nne mlizozipaka rangi ya unga juu ya uchafu

Ndugu Meneja,

Salamu. Nitajitahidi kuandika kwa adabu, ingawa adabu yenyewe sikuiona siku ile kaunta kwenu.

Utaratibu mnaujua. Rimu ya alumini hutolewa tairi na valvu, huvuliwa rangi ya zamani, hupigwa mchanga hadi alumini ibaki tupu, huoshwa mafuta, kisha huingizwa tanurini kabla ya kunyunyiziwa unga wa rangi ili hewa na mafuta yaliyojificha kwenye vitundu vyake yatoke. Zangu hazikupita huko. Rangi ya kiwandani bado ipo chini ya yenu, inang'aa, haikuguswa hata na msasa.

Nilimwonyesha msimamizi wenu lengelenge kando ya tundu la valvu. Akalibonyeza kwa dole gumba. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, na chini yake likaonekana vumbi jeusi la breki. Vumbi la breki, Ndugu Meneja! Akafuta dole lake kwenye risiti yangu, akanirudishia, akasema: "Mama, mambo ya ufundi tuachie mafundi."

Akaongeza eti tanuri lenu linafika nyuzi 200, hivyo uchafu wote unaungua humo. Joto hilo kazi yake ni kuivisha unga, uyeyuke na kugeuka rangi ngumu. Uchafu linaufungia ndani.

Na hapo sijagusa suala la nati. Wiki moja kabla ya malengelenge kutokea, usukani ulianza kutetemeka nikiwa na watoto wangu kwenye gari. Nikasimama pembeni, nikakuta nati tatu za gurudumu la mbele zinazunguka kwa vidole. Mlipopaka, hamkuziba matundu pale nati inapokaa. Rangi nene iliganda humo, ikapondeka, nati zikalegea. Nilipiga simu siku hiyohiyo. Nikajibiwa nikaze tu.

Narudia la risiti, maana sitaki mlipite haraka. Nilimpa risiti mkononi ili asome tarehe. Hakuisoma. Aliitumia kama tambara, mbele ya wateja watatu, na mmoja wao, kijana mdogo, akainamisha uso kwa aibu isiyokuwa yake. Alama ya dole imekaa juu ya neno "IMELIPWA". Kisha ndipo akaniita "mama" kwa sauti ile, na kugeukia simu yake.

Nilikuja siku ile nikitaka jambo moja: mzivue rangi na kuzipaka upya bila malipo. Sasa sitaki mzishike tena. Nataka fedha zangu zote. Nataka pia mlipe gharama za karakana nyingine kuzivua, kuzisafisha inavyopasa na kuzipaka upya, pamoja na nati mpya zote. Na msimamizi huyo aniombe radhi kwa maandishi, kwa jina lake na saini yake.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita, malalamiko yanakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji, na wakili wangu atadai pia fidia ya hatari mliyowaweka watoto wangu.

Rimu moja sijaiosha. Nimeifunga kwenye mfuko pamoja na risiti yenye alama ya dole, na popote nitakapoitwa nitakwenda navyo.

Wenu,
Mteja aliyelipa kwa ukamilifu