Banquette si neno la watalii

Mhariri,

Makala yenu ya safari kuhusu New Orleans, Marekani, ilidai kuwa neno la Kifaransa banquette, yaani njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara, ni pambo la kuwavutia watalii. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi mji huu na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Naomba nipinge.

Watalii husema sidewalk, na wahudumu wa hoteli huwajibu vivyo hivyo. Banquette nalisikia katika vitongoji vya Tremé na Seventh Ward, kwa Wakrioli, wenyeji wenye asili ya Kifaransa na Kiafrika, wenye miaka themanini na zaidi, ambao Kifaransa chenyewe wengine hawakijui. Wanalichomeka katikati ya Kiingereza chao bila kufikiri: nenda kafagie banquette, nani kaegesha gari kwenye banquette yangu?

Neno lina sababu. Wafaransa walioanzisha mji mwaka 1718 walijenga kwenye tope, wakachimba mitaro kuzunguka mitaa. Kati ya nyumba na mtaro ikabaki njia iliyoinuka, nao wakaiita banquette, yaani kibenchi. Juu yake zilitandazwa mbao, nyingi za mashua bapa zilizoteremka mto Mississippi na unga na nyama ya chumvi. Meli ya kwanza ya mvuke ilifika hapa mwaka 1812. Kabla ya hapo, nani angeikokota mashua ile kurudi juu dhidi ya mkondo? Ikivunjwa, mbao zake zinauzwa, na watu wanakwenda sokoni wakikanyaga mashua. Marekani ilikwisha kuununua mji mwaka 1803, lakini jina halikubanduka.

Siku hizi ni matofali na saruji, na mizizi ya mialoni imeyafumua hata kiti cha magurudumu nalazimika kukisukuma katikati ya magari. Hilo mngeliandika, ningewashukuru.

Kwamba neno linapotea, sikatai. Wajukuu wanasema sidewalk, ingawa sehemu ya katikati inayotenga njia mbili za barabara bado wanaiita neutral ground kama bibi zao.

Basi chapeni masahihisho mapema. Bibi mmoja ninayemhudumia ameniuliza gazeti la kwetu limesema nini kuhusu mji wake, na mpaka sasa namzungusha tu.

Msomaji wenu,
Mtu wa Tanga, New Orleans